Kusoma The Message ibadani na kuitafsiri papo hapo kwa Kiswahili: tunapoteza nini?

MleziWaVijana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mchango wa wenye ujuzi wa tafsiri za Biblia.

Ibada ya vijana usharikani kwetu ni ya lugha mbili. Msomaji anasoma The Message, Biblia iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mtaani, kutoka kwenye simu, mkalimani anageuza kwa Kiswahili hapo hapo. Wachache wameanza kuleta The Passion Translation, toleo jingine la Kiingereza. Wazee wa kanisa wanataka toleo la Kiswahili la Union peke yake, na baadhi yao wanaikataa hata Biblia Habari Njema. Wanasema zote hizo "zimechakachuliwa" na zimefuta mistari. Ratiba ya masomo ya robo ijayo inapangwa sasa, kwa hiyo nahitaji majibu ya kufanyia kazi.

Habari Njema ni tafsiri au ni maelezo tu? The Message itumike wapi na isitumike wapi? Na mtu asiyejua Kigiriki wala Kiebrania atalipimaje toleo alilonalo mkononi?

Mfasiri_Mkongwe

Mtumishi, hofu ya wazee ina msingi, ila wameibebesha hata Biblia isiyohusika.

Habari Njema si ufafanuzi huru. Ni tafsiri, kazi ya pamoja ya vyama vya Biblia vya Kenya na Tanzania iliyowashirikisha Waprotestanti na Wakatoliki, na ilitoka miaka ya 1990. Tofauti yake na Union (Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952) ni kanuni ya kazi. Union inajitahidi kushika umbo la maneno ya asili. Habari Njema inashika maana: inakata sentensi ndefu, inabadili nahau ambazo msomaji wa leo hazielewi. Kanuni hiyo ndiyo aliyoifundisha Eugene Nida, mtaalamu wa tafsiri za Biblia wa Marekani, na vyama vya Biblia duniani kote viliitumia. Lakini mtafsiri wa namna hii bado ana mipaka. Haruhusiwi kuingiza wazo ambalo mwandishi hakuwa nalo, na kazi yake inapitiwa na wenzake kabla ya kuchapwa.

Ufafanuzi huru hauna mipaka hiyo. Mtu mmoja anakaa na maandiko, anajiuliza "Paulo angelisemaje hili leo mtaani kwetu?", kisha anaandika. The Living Bible ya 1971 ndiyo mfano maarufu. Kenneth Taylor aliianza kwa ajili ya watoto wake kwenye ibada ya nyumbani, na hakutafsiri kutoka Kigiriki. Alichukua tafsiri ya Kiingereza, American Standard Version ya 1901, akaisema upya kwa Kiingereza rahisi. Namheshimu kwa sababu hakuficha kitu. Kwenye dibaji alionya kwamba ufafanuzi una hatari zake, kwa kuwa mfafanuzi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, anaweza kumpa msomaji jambo ambalo mwandishi wa kwanza hakukusudia. Akasema pia kwamba pale lugha ya asili isipoeleweka wazi, kinachomwongoza mfafanuzi ni teolojia yake. Basi anayesoma bila kufungua dibaji anapokea teolojia ya Taylor akidhani ni maneno ya Paulo.

The Message ni habari nyingine kidogo. Mwandishi wake, Eugene Peterson, alikuwa mchungaji wa Presbyterian huko Maryland, Marekani, na Kiebrania na Kigiriki alivijua vizuri. Agano Jipya lake lilitoka 1993, Biblia nzima 2002. Kwa hiyo msimlaumu kwa kutojua lugha, maana lawama hiyo si ya kweli. Shida iko kwenye aina ya kitabu alichokusudia kuandika.

Chukueni Zaburi 1:1. Union inasema: "Heri mtu yule asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala hakusimama katika njia ya wakosaji, wala hakuketi barazani pa wenye mizaha." Tazameni vitenzi: kwenda, kusimama, kuketi. Ndivyo vilivyo katika Kiebrania, kwa mpangilio huo huo. Mtu anapita, anasimama, mwisho anakaa kabisa na kuwa mwenyeji pale. Mhubiri anaweza kufundisha saa nzima juu ya ngazi hizo tatu. Katika The Message vitenzi hivyo havipo. Pametajwa baa ya dhambi, njia isiyotokea, na chuo cha watu wa midomo. "Mtu yule" amegeuka "wewe", na lile "heri" la mwanzo limekuwa kauli kwamba Mungu lazima anakupenda sana. Kwa Mmarekani picha hizo ni kali na zinagusa. Ila ni picha za Peterson, na neno la Kiingereza alilotumia kwa baa linafanana kabisa kwa sikio na "saluni" yetu. Mkalimani mwenye haraka akisema "saluni ya dhambi", akina dada watabaki wanajiuliza kusuka nywele kumekosa nini.

Hapo ndipo hatari kubwa ya ibada yenu ilipo. Maneno yametoka kwenye Kiebrania, yakapita kwenye lugha ya mtaa ya Marekani, kisha yanaingia Kiswahili kwa sekunde tatu bila mtu kuyakagua. Kila hatua inapoteza kitu, na ya mwisho ndiyo mbovu kuliko zote.

Mama_Sharoni

Naongeza pale alipoishia kaka Mfasiri, kwa mistari ambayo vijana huisoma mara kwa mara.

1 Wakorintho 6:9-10. Paulo anataja makundi ya watenda dhambi kwa majina: waasherati, waabudu sanamu, wazinzi, na kuendelea. The Message imeikusanya orodha hiyo kuwa watu wanaotumia na kudhulumu: wanadhulumiana wao kwa wao, wanadhulumu ngono, wanadhulumu dunia na vyote vilivyomo. Hiyo dunia iliyodhulumiwa haimo katika Kigiriki cha mstari huo. Na uasherati, ulevi, unyang'anyi na ibada ya sanamu havionekani tena kimoja kimoja. Mwalimu anayefundisha sura ile kwa toleo hili hana orodha ya kufundishia.

Mathayo 6:10, Sala ya Bwana. Mahali pa "hapa duniani kama huko mbinguni" pamewekwa msemo mfupi wa Kiingereza wenye maana ya "kama juu, vivyo hivyo chini". Msemo huo ni maarufu kwa watu wa elimu za siri na unajimu. Sisemi kwamba Peterson aliukusudia hivyo, na wanaomtuhumu uchawi kwa sababu ya maneno hayo wanamwonea. Ila sala ambayo kanisa zima linaijua kwa moyo haikuwa mahali pa kuweka maneno yenye historia ya namna hiyo.

Warumi 12:1 nako. Union: "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai". The Message inasema mchukue maisha yenu ya kila siku, kulala, kula, kwenda kazini, mkayaweke mbele za Mungu kama sadaka. Kama mahubiri ni mazuri mno, na yanamsaidia kijana anayedhani ibada ni Jumapili tu. Lakini "mwili" umetoweka, na pamoja nao uzito wa kutoa dhabihu iliyo hai badala ya mnyama anayechinjwa. Hapo faida na hasara zimo ndani ya mstari mmoja.

Wanaompenda Peterson wajue pia msimamo wake mwenyewe. Mwaka 2002, katika mahojiano, alisema kwamba akisikia The Message ikisomwa kama somo la ibada anakosa raha kidogo, na kwamba asingependekeza mtu asimame aseme "Sikilizeni Neno la Mungu" kisha asome kutoka humo. Mwenye kitabu ameshaweka mpaka. Sijui kwa nini sisi tuuruke.

Kalamu_ya_Pwani

Wapendwa, nakubali mengi, lakini tusiondoke hapa tukiamini kwamba neno kwa neno ndiyo uaminifu wenyewe. Someni Amosi 4:6 katika Union. Mungu anasema aliwapa watu "usafi wa meno" katika miji yao yote. Msikilizaji asiye na mwalimu anaona baraka. Kumbe ni njaa: meno ni safi kwa sababu hakuna cha kutafuna. Sentensi ni sahihi neno kwa neno, na msikilizaji ameondoka na maana iliyo kinyume. Tafsiri inayotaja njaa waziwazi ndiyo iliyomtendea haki Amosi. Au 1 Petro 1:13, "vifungeni viuno vya nia zenu". Kijana wa leo atafunga nini?

Kwa upande wa pili, tafsiri ya maana nayo ina gharama yake. Tazameni Warumi 1:17. Union inasema "haki ya Mungu inadhihirishwa ndani yake". Hapo msomaji anaweza kuuliza kama ni haki aliyo nayo Mungu au ni haki anayompa mwenye dhambi, na Wakristo wamelijadili hilo kwa karne nyingi. Habari Njema imeamua kwa niaba yetu: inazungumzia jinsi Mungu anavyowakubali watu kuwa waadilifu. Pengine uamuzi ni sahihi. Mimi binafsi nauunga mkono kwa sehemu kubwa. Lakini swali limefungwa kabla msomaji hajajua kwamba lilikuwepo.

Kwa hiyo sikubaliani na wazee wanaotaka Union peke yake, wala na vijana wanaotaka rahisi peke yake. Union mezani na Habari Njema kando yake. Pale zinapotofautiana sana ndipo pa kusimama na kuuliza kulikoni.

MleziWaVijana

Asanteni sana. Suala la mistari "iliyofutwa" ndilo linalowasha moto kwenye vikao vyetu. Na yule anayetaka kupima toleo bila kujua Kigiriki, mnamwelekeza nini hasa?

Mfasiri_Mkongwe

Mistari kwanza. Hilo ni jambo la nakala za kale za Biblia zilizoandikwa kwa mkono, wala halina uhusiano na ufafanuzi. Tafsiri iliyo ya neno kwa neno kabisa inaweza kuukosa Mathayo 17:21, na ufafanuzi huru unaweza kuwa nao. Tafsiri za zamani kama King James ya 1611 zilifuata Kigiriki kilichochapwa kwa misingi ya kazi ya mwanazuoni Erasmo ya 1516, naye alikuwa na nakala chache tena zilizonakiliwa karne nyingi baada ya mitume. Baadaye zikapatikana nakala za kale zaidi, na baadhi ya mistari haimo humo. Wafungulie wazee Union yao wenyewe kwenye Mathayo 17:21: "namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga" imewekwa ndani ya mabano. Waonyeshe na Matendo 8:37. Watafsiri wa Union walikwisha kutuambia kwamba mistari hiyo ina swali. Wazee wakiona mabano kwa macho yao, mjadala hupoa.

Sasa kupima. Anza na dibaji, dakika tano tu. Tafuta nani alitafsiri, mtu mmoja au jopo. Kutoka lugha gani. Na kama yenyewe inajiita tafsiri au ufafanuzi. Dibaji isiyosema lugha ya asili, au inayosema tu kwamba ni "kwa lugha ya leo", ichukulie kwa tahadhari.

Halafu fungua Yohana 15:4-10 na uhesabu. Katika Kigiriki kitenzi kimoja kinarudiwa mara 10 katika mistari hiyo saba, na Union imekishika chote kwa "kaa": kaeni, lisipokaa, msipokaa, akaaye, asipokaa, mkikaa, yakikaa, kaeni, mtakaa, kukaa. Yesu anakigongelea makusudi. Sasa hesabu katika toleo unalopima. The Message inabadilisha: ishini ndani yangu, fanyeni makao, mkiunganishwa nami, jisikieni nyumbani. Kila kauli peke yake si kosa. Kilichopotea ni mrudio, na msomaji hawezi kuona kwamba ni amri ile ile toka mwanzo hadi mwisho.

Kipimo cha tatu ni viunganishi, na watu wengi hawakitumii ilhali ndicho kinachofichua zaidi. Warumi 1:16-18 katika Union: "Kwa maana siionei haya Injili; kwa sababu ni uweza wa Mungu... Kwa maana haki ya Mungu inadhihirishwa... Kwa maana ghadhabu ya Mungu imedhihirishwa." Viunganishi vinne, na vyote vinne ni neno lile lile la Kigiriki. Paulo anajenga hoja, kila sentensi inaishikilia iliyotangulia. Katika The Message mstari wa 18 unaanza kwa "lakini", kana kwamba ni mada mpya. Ghadhabu imekatwa kutoka kwenye Injili, wakati kwa Paulo ghadhabu ndiyo sababu ya Injili kuhitajika. Anayehubiri mfululizo wa Warumi kwa toleo hilo atakosea muundo wa barua tangu sura ya kwanza.

Mwisho, angalia urefu na namba. Weka mstari huo huo wa Union na wa toleo jipya sambamba. Kwenye programu nyingi za simu unabonyeza mstari na kuchagua kulinganisha. Toleo jipya likiwa refu zaidi mara kwa mara, uliza maneno ya ziada yametoka wapi. Namba nazo: The Message huunganisha mistari kadhaa chini ya namba moja, na chapa zake za kwanza hazikuwa na namba za mistari kabisa. Mkalimani akiambiwa "mstari wa 4" hajui unaanzia wapi wala unaishia wapi.

Mama_Sharoni

Kipimo cha urefu ndicho kinachoiangusha The Passion Translation. Luka 1:37 katika Union ni kifupi: "kwa kuwa hakuna neno lisilowezekana kwa Mungu." Kigiriki kinaweza kueleweka kwa njia mbili, kwamba hakuna jambo linaloshindikana kwa Mungu, au kwamba hakuna neno la Mungu lisilo na nguvu. Mtafsiri huchagua moja na kuweka nyingine kwenye tanbihi. The Passion Translation imeweka zote mbili ndani ya mstari, mfululizo, na msomaji anadhani malaika alisema sentensi mbili. Katika Zaburi tabia hiyo imezidi, pamoja na maneno ya hisia yaliyoongezwa kwa wingi: shauku, upendo unaowaka, na kadhalika.

Ni kazi ambayo sehemu kubwa imefanywa na mtu mmoja, Brian Simmons, na inajiita tafsiri. Kwangu hilo ndilo kosa zito kuliko maneno yenyewe. Taylor alijiita mfafanuzi na watu wakajua wanashika nini. Toleo hili linaegemea pia hoja kwamba Kiaramu kinatufikisha karibu zaidi na maneno ya kwanza ya Agano Jipya, wakati Agano Jipya limetufikia kwa Kigiriki na wataalamu wengi wanaihesabu Biblia ya Kisiria (lahaja ya Kiaramu) kuwa tafsiri kutoka Kigiriki hicho. Mwanzoni mwa 2022 tovuti ya Bible Gateway iliiondoa kwenye orodha yake. Kwenye programu nyingine bado ipo, kwa hiyo vijana wataendelea kuiona. Usiipige marufuku kwa kelele; wafanyie zoezi la Luka 1:37 wakiwa na simu zao mkononi, wataona wenyewe.

MleziWaVijana

Nimeelewa. Basi napendekeza: somo la ibada litoke Union au Habari Njema, The Message ibaki kwenye vikundi vya majadiliano. Mkalimani afanyeje pale mgeni anapohubiri kwa Kiingereza na kusoma toleo lake? Na watoto wa Sunday school wakariri lipi?

Kalamu_ya_Pwani

Mkalimani asitafsiri andiko. Atafsiri mahubiri tu. Andiko alisome kutoka Biblia ya Kiswahili iliyochapwa. Mwombe mhubiri orodha ya mistari siku moja kabla, mkalimani aiwekee alama, na mgeni akisoma kwa toleo lolote yeye anafungua Union au Habari Njema na kusoma kilichoandikwa. Mhubiri akijenga hoja juu ya neno lililomo kwenye The Message tu, mkalimani aseme wazi, "kwa maelezo ya Peterson", kisha aitafsiri kama maelezo. Kwenye skrini iwe hivyo hivyo: chini ya andiko iandikwe jina la toleo kamili, si sura na mstari peke yake. Mkipenda kuionyesha The Message, iwe slaidi ya pili baada ya andiko lenyewe, na kichwa chake kiwe "Maelezo". Katika Nehemia 8:8 Walawi walisoma torati kwa sauti ya kusikilika, kisha wakaeleza maana yake. Yalikuwa mambo mawili, yakafuatana kwa mpangilio huo.

Watoto, toleo moja tu, wala msichanganye. Ukimfundisha Zaburi 23 kwa "BWANA ndiye mchungaji wangu" Januari na kwa "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu" Juni, hatakuwa na yoyote kichwani. Mimi ningechagua Union kwa kukariri, kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyojaa kwenye nyimbo na liturujia atakazokutana nazo miaka yote, na mapigo yake yanashikika. Kwa kusoma hadithi na kuelewa, wape Habari Njema. Aya ngumu za Union, kama ile ya viuno vya nia, msiziweke kwenye orodha ya kukariri ya walio chini ya miaka 9 au 10.

Mfasiri_Mkongwe

Naafiki. Nyongeza moja kuhusu wazee: usiwapelekee pendekezo lako kwa maneno matupu. Chapisha karatasi moja yenye safu tatu, Union, Habari Njema na The Message, kwa mistari mitatu tu: Zaburi 1:1, Warumi 1:16-18 na Amosi 4:6. The Message uitafsiri kwa Kiswahili mapema na umpe mtu mwingine aikague. Mstari wa kwanza na wa pili utawaonyesha kwamba hofu yao umeisikia. Wa tatu utawaonyesha kwa nini Habari Njema isitupwe. Waache wasome kimya kwanza, kisha ndipo muanze kujadili.